Wakwe, Wadhamini na Wabia: Jinsi Ukoo wa Medici Ulivyoutwaa Mji wa Florence

Tarehe 26 Septemba 1434, Rinaldo degli Albizzi aliwaita watu wake wakutane wakiwa na silaha katika uwanja wa Sant'Apollinare, karibu na jumba la serikali ya Florence. Alitaka kuliteka jumba hilo kabla wakuu wapya wa serikali hawajamrudisha Cosimo de' Medici, hasimu wake aliyefukuzwa mjini mwaka uliotangulia. Watu walikuja, lakini si wote walioahidi. Palla Strozzi, tajiri wa kwanza wa mji ule, alifika juu ya farasi akifuatwa na watu wawili tu, akasemezana na Rinaldo, kisha akarudi zake nyumbani. Giovanni Guicciardini hakutoka kwake kabisa. Ridolfo Peruzzi alifika, lakini moyo wake ulikuwa nusu nusu. Papa Eugenius IV, aliyekuwa akiishi Florence katika monasteri ya Santa Maria Novella, akamwita Rinaldo wazungumze, na wenye silaha wakatawanyika. Siku chache baadaye Cosimo aliingia mjini, na Rinaldo na wenzake wakashika njia ya uhamisho. Kuanzia hapo ukoo wa Medici ulishika hatamu za Florence kwa miaka 60, hadi mwaka 1494.

Niccolò Machiavelli, aliyeandika historia ya mji wake katika miaka ya 1520, aliliona tukio hili kuwa habari ya tabia za watu: Palla mwoga, Rinaldo mwenye pupa, Cosimo mwenye busara. Wengine waliokuja baadaye wakaliona kuwa vita vya matabaka, matajiri wapya dhidi ya mabwana wa kale. Mwaka 1993 wasomi wawili wa Marekani, John Padgett na Christopher Ansell, walichapisha katika jarida la *American Journal of Sociology* maelezo ya namna nyingine. Waliacha kuuliza nani alikuwa jasiri na nani alikuwa tajiri. Waliuliza nani alimwoza nani, nani alikuwa mbia wa nani, na nani alimwekea nani dhamana. Jibu walilopata limebadili namna tunavyoweza kuandika historia ya koo zenye nguvu popote pale.

Mji wa mifuko ya majina

Florence ilikuwa jamhuri, na haikuwa na mfalme. Ilitawaliwa na baraza la watu tisa lililoitwa Signoria, nalo lilibadilishwa kila baada ya miezi miwili. Majina yao yalichomolewa kwa kura kutoka katika mifuko ya ngozi. Kwa hiyo shindano lenyewe lilikuwa juu ya jina la nani liingie mfukoni, na hilo liliamuliwa na kamati za wakubwa zilizopiga kura ya siri kwa maharage. Jina likichomolewa, mwenyewe alipaswa asiwe na deni la kodi. Mwenye deni aliwekwa kando. Mji uligawanywa katika mitaa mikuu minne na kata 16, na mtu alijulikana kwa kata yake kama alivyojulikana kwa ukoo wake. Medici walikuwa watu wa mtaa mkuu wa San Giovanni, kata ya Simba wa Dhahabu.

Mwaka 1378 mpangilio huo ulitikiswa. Vibarua wa viwanda vya sufu, walioitwa Ciompi, waliasi, wakaliteka jumba la serikali na kumweka mmoja wao, Michele di Lando, awe mkuu wa baraza. Miezi michache kabla ya hapo cheo hicho kilikuwa mikononi mwa Salvestro de' Medici, na hatua alizochukua dhidi ya mabwana wakubwa ndizo zilizofungua mlango wa ghasia. Serikali iliyotokana na uasi ilianguka mwanzoni mwa mwaka 1382. Koo za kale, Albizzi wakiwa mbele, zikarudi madarakani na kumbukumbu chungu. Kwao jina la Medici lilibaki jina la watu waliosimama na walalahoi. Katika miaka iliyofuata baadhi ya Medici walifukuzwa mjini na wengine wakanyimwa vyeo.

Giovanni di Bicci de' Medici, baba yake Cosimo, alikulia katika kivuli hicho. Mwaka 1397 alihamishia makao ya benki yake Florence kutoka Roma, kwa mtaji wa florini 10,000 ambao 5,500 zilikuwa zake. Alijiepusha na makelele ya siasa, akatunza fedha za mapapa, na kwa zaidi ya miaka 20 ya mwanzo tawi la Roma liliingiza zaidi ya nusu ya faida yote. Alipofariki mwaka 1429 alimwachia Cosimo mali nyingi. Alimwachia pia kitu ambacho hakikuandikwa katika wasia wowote, nacho ni aina ya pekee ya mahusiano na koo nyingine.

Daftari la mwaka 1427

Ili kuyaona mahusiano hayo, msomi anahitaji karatasi, na Florence ilikuwa mji wa karatasi. Mwezi Mei 1427, serikali ikiwa imebanwa na gharama za vita, ilipitisha kodi mpya iliyoitwa Catasto. Kila mkuu wa kaya alitakiwa aandike majina na umri wa watu wake, nyumba na mashamba yake, mali ya biashara, hisa za deni la serikali, na madeni anayodai na anayodaiwa. Nyumba anayoishi haikutozwa, na kwa kila mdomo aliolisha alipunguziwa florini 200. Kilichobaki kilitozwa nusu asilimia. Kwa orodha hiyo tunajua kwamba Palla Strozzi alikuwa na mali ya zaidi ya florini 100,000 na kwamba hakuna aliyemfikia. Giovanni di Bicci alikuwa miongoni mwa wachache waliomfuata.

David Herlihy na Christiane Klapisch-Zuber waliingiza Catasto yote katika kompyuta, kaya zipatazo 60,000 zenye watu zaidi ya 260,000 katika mji wa Florence na nchi iliyokuwa chini yake, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Mwaka huo huo Dale Kent alichapisha utafiti wake juu ya makundi ya Florence kati ya 1426 na 1434. Kwa subira kubwa alisoma barua, daftari za familia na hukumu za uhamisho, akaonyesha nani alikuwa upande wa Medici na nani upande wa Albizzi. Gene Brucker alikuwa ameshachambua siasa za mji, na Raymond de Roover alikuwa ameshachambua hesabu za benki ya Medici. Padgett na Ansell walijenga juu ya jasho la wanahistoria hawa, na bila kazi yao jedwali lolote lingekuwa tupu.

Njia yenyewe ilikuwa na mizizi ya kale zaidi. Mwaka 1929 Lewis Namier alichapisha kitabu juu ya wabunge wa Uingereza wakati Mfalme George III alipotawazwa. Alimfuata kila mbunge kwa ndoa yake, mashamba yake na aliyempa kiti, akaonyesha kwamba majina ya vyama yalieleza machache kuliko undugu na fadhila. Lakini Namier alikusanya maisha ya mtu mmoja mmoja. Katika miaka ya 1970 Harrison White na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walibuni namna ya kuchambua mahusiano yenyewe kwa hesabu. Waliwaweka pamoja watu wenye mahusiano ya namna moja na watu wengine, hata kama wenyewe hawafahamiani. Hapo ndipo swali la Florence lilipopata chombo cha kulijibu.

Koo 92, aina tisa za mahusiano

Padgett na Ansell walichukua koo 92 za wakubwa na kuandika aina tisa za mahusiano kati yao: ndoa, biashara, ubia, ajira ya benki, upangaji wa nyumba na maduka, ufadhili, mikopo ya mtu na mtu, urafiki, na udhamini. Kwanza walijaribu maelezo yaliyozoeleka. Je, upande wa Medici ulikuwa wa matajiri zaidi? Hapana. Ulikuwa wa watu wa mtaa mmoja? Hapana. Upande wao ulikuwa na watu wapya wengi, lakini ulikuwa na koo za kale pia. Ukimpa mtu orodha ya mali na hadhi peke yake, hawezi kukuambia nani angesimama upande gani mwaka 1434.

Mahusiano ndiyo yaliyosema. Medici waliozesha na kuoa katika koo za kale, lakini nje ya mtaa wao. Biashara, ajira na ufadhili walivifanya na watu wapya wa mtaa wao wenyewe wa San Giovanni. Aina hizi mbili za mahusiano hazikuchanganywa: aliyekuwa mkwe kwa kawaida hakuwa mbia, na aliyekuwa mbia hakuozeshwa. Mabwana wa kale waliowafuata Medici hawakukaa meza moja na wafanyabiashara wapya waliowafuata Medici. Wengi wao hawakuwa na uhusiano wowote na wenzao wa upande huo huo ila kupitia Medici.

Sehemu ndogo ya jedwali hili, yenye koo 16 tu, husomeshwa leo vyuoni kote duniani, na ndoa zake zinatosha kuonyesha jambo lenyewe. Katika koo hizo Medici wameunganishwa kwa ndoa na sita: Acciaiuoli, Albizzi, Barbadori, Ridolfi, Salviati na Tornabuoni. Strozzi wameunganishwa na nne: Bischeri, Castellani, Peruzzi na Ridolfi. Kwa idadi, tofauti ni ndogo. Sasa tazama wakwe hao wao kwa wao. Wakwe sita wa Medici wanafanya jozi 15, na ni jozi moja tu, Ridolfi na Tornabuoni, yenye ndoa ya kwake. Wakwe wanne wa Strozzi wanafanya jozi sita, na mbili kati yake zimeoana: Castellani na Peruzzi, tena Peruzzi na Bischeri. Wakwe wa Strozzi waliweza kushauriana bila Strozzi. Wakwe wa Medici, isipokuwa wawili, ilibidi wapite kwa Medici au wazunguke mbali.

Chukua ukoo wa Pazzi. Katika jedwali hili wana ndoa moja tu, na Salviati. Nao Salviati, ukiwatoa Pazzi, wana Medici peke yao. Neno lolote la Pazzi linalosafiri kwa njia ya ukwe kwenda kwa ukoo wowote zaidi ya Salviati lazima lipite mlangoni kwa Medici. Ukitafuta njia fupi kuliko zote kati ya kila jozi ya koo, Medici wamo katikati ya zaidi ya nusu ya njia hizo. Guadagni, wanaofuata, wamo katika robo hivi. Strozzi, pamoja na utajiri wao wote, wamo katika sehemu moja ya kumi.

Ndoa haikuwa kiapo cha utii. Albizzi wenyewe walikuwa wakwe wa Medici, na Barbadori walihesabiwa miongoni mwa maadui. Ukwe ulikuwa njia ya kupitisha habari, maombi, onyo na upatanishi, na anayekaa penye njia hujua mapema kuliko wenzake, akaamua kipi kipite na kipi kingoje.

Aliyekataliwa akawa kiungo

Nani aliupanga mtandao huu? Hapa ndipo ninapoona kazi hii ina uzito mkubwa kuliko zote. Hakuna aliyeupanga. Baada ya 1378 koo kubwa za San Giovanni ziliwatenga Medici, kwa hiyo ilibidi watafute wake na waume katika mitaa mingine. Kwa kuwa wakubwa wa mtaa wao walikuwa hawashikamani nao, walifanya kazi na watu wapya waliokuwa jirani. Adhabu waliyopewa na wakubwa ndiyo iliyowaweka penye kiungo. Koo za upande wa Albizzi, nazo, zilioana wenyewe kwa wenyewe hadi kila nyumba ikawa na viongozi watatu au wanne wa kusikilizwa. Zilidhani zinajijengea umoja.

Vita dhidi ya mji wa Lucca, kati ya 1429 na 1433, viliudhihirisha ukweli huo. Vita vilienda vibaya na vilikula fedha. Mikopo ya lazima kwa serikali ilifilisi nyumba nyingi, na benki ya Medici ikawa mkopeshaji ambaye mji haukuweza kumwacha. Niccolò da Uzzano, mzee aliyekuwa akizuia mapambano ya wazi, alifariki mwaka 1431. Rinaldo akajiandaa. Kwa maelezo ya Machiavelli, alimlipia Bernardo Guadagni deni lake la kodi ili asikose cheo jina lake likichomolewa. Likachomolewa kwa miezi ya Septemba na Oktoba 1433. Tarehe 7 Septemba Cosimo aliitwa katika jumba la serikali na kufungiwa katika chumba kidogo cha mnara.

Rinaldo alitaka auawe, lakini baraza halikuthubutu. Cosimo alikuwa ameshahamisha sehemu ya fedha zake na kuziweka mahali salama, na akiwa mnarani alimpa Guadagni rushwa ya florini 1,000. Baadaye aliandika katika kumbukumbu zake kwamba watu wale walikuwa na roho ndogo, kwani wangetaka mara kumi ya hapo wangepewa. Akapelekwa uhamishoni Padua, kisha akaruhusiwa kukaa Venice, ambako alipokewa kwa heshima na kuendesha benki yake kama kawaida. Florence, iliyobaki na madeni ya vita, ilimkosa mkopeshaji wake. Mwisho wa Agosti 1434 kura ilileta baraza lenye watu wa Medici wengi. Rinaldo akaita silaha.

Siku ile kila mkuu wa upande wa Albizzi alikuwa na mtu wa kumtazama kabla ya kujitoa. Peruzzi alimtazama Strozzi, Strozzi aliwatazama Guicciardini, na hakuna nyumba moja ambayo wote walikubali kuisikiliza. Upande wa Medici hapakuwa na wa kumtazama ila Medici. Walipoitwa, waliitika mwito mmoja.

Benki iliyojengwa kwa vyumba

Macho haya haya hutusaidia kuielewa benki yenyewe. De Roover alionyesha kwamba haikuwa kampuni moja yenye matawi kama tunavyozoea leo. Roma, Venice, Bruges na London kila moja ilikuwa ubia wake, wenye mkataba, mtaji na daftari zake, na Medici wakashika fungu kubwa katika kila ubia. Katika miaka ya 1450 mfanyabiashara Damiano Ruffini alimshitaki Tommaso Portinari wa tawi la Bruges kwa marobota ya sufu yaliyofungwa vibaya. Portinari alijitetea kwamba marobota yale yaliuzwa na tawi la London, na London ni kampuni nyingine. Mahakama ilikubaliana naye, na Ruffini akaambiwa aende akaishitaki London.

Mwaka 2006 Padgett na Paul McLean walionyesha kwamba mtindo huu wa ubia uliounganishwa ulizuka Florence baada ya machafuko ya 1378, wakati siasa, ndoa na biashara ya fedha vilipopangwa upya kwa pamoja. Taasisi ambayo tungeiita uvumbuzi wa kiuchumi ilitokana na hofu ya wakubwa baada ya uasi wa vibarua. Anayesoma historia ya benki bila historia ya ndoa na ghasia hataona ilikotoka.

Cosimo mwenyewe alitawala bila kuonekana anatawala. Alikaa katika cheo cha mkuu wa baraza mara tatu tu, mwaka 1435, 1439 na 1445. Alisema machache, alijibu kwa kifupi, na kila aliyemwendea aliondoka akidhani wameelewana. Papa Pius II aliandika kwamba mambo ya mji yaliamuliwa nyumbani kwa Cosimo. Mtu mwenye wafuasi wa aina mbili wasiopatana hana faida ya kutangaza msimamo, kwani kila tamko lingempendeza mmoja na kumuudhi mwingine. Ukimya wake ulikuwa siasa iliyolingana na mahali aliposimama.

Wasioonekana katika jedwali

Njia hii ina mipaka yake, na anayeipenda anapaswa kuitaja kwanza. Kila mstari wa ndoa katika jedwali ni msichana. Aliondoka kwao na mali ya arusi iliyolipwa na baba yake, mzigo mzito kiasi kwamba mwaka 1425 serikali ilianzisha mfuko wa umma wa akiba kwa ajili hiyo. Jedwali linabeba jina la ukoo alikotoka na la ukoo alikokwenda, na jina lake linaanguka. Contessina de' Bardi, mke wa Cosimo, na Lucrezia Tornabuoni, aliyeolewa na mtoto wao Piero, waliyashika mahusiano haya mikononi mwao kwa barua, ziara na maombi, na hilo hulioni ukihesabu mistari tu. Wachanaji sufu walioutikisa mji mwaka 1378 hawamo kabisa katika zile koo 92. Tena, mtandao unaeleza ni nini kiliwezekana. Haukuamua siku moja mapema kwamba Palla angegeuza farasi wake.

Jedwali pia huganda, na watu hawagandi. Mwaka 1478, miaka 14 baada ya kifo cha Cosimo, Pazzi pamoja na Askofu Mkuu Francesco Salviati walishiriki njama ya kuwaua wajukuu wake ndani ya kanisa kuu la Florence. Giuliano aliuawa, Lorenzo akaponyoka na jeraha. Koo mbili ambazo njia zao zote zilipita kwa Medici ndizo zilizotoa majina ya njama hiyo. Kukaa penye kiungo humpa mtu nguvu, na wanaolazimika kupita kwake hawasahau.

Hata hivyo, hukumu yangu ni kwamba Padgett na Ansell wameieleza siku ile ya Septemba 1434 vizuri kuliko waliotangulia, kwa sababu hawakuridhika kusema Cosimo alikuwa mwerevu. Walionyesha werevu huo ulisimama juu ya nini. Koo tawala hupenda kusimulia kupanda kwao kuwa ni kipaji cha babu mmoja, na waandishi wengi wa historia wamekubali kuwa makarani wa simulizi hizo. Dawa yake ni kazi ya polepole ya kufungua daftari za kodi, mikataba ya ndoa, hati za dhamana na kesi za marobota, na kuuliza kila mara: huyu aliunganishwa na nani, na wale aliounganishwa nao waliunganishwa wao kwa wao? Kwa yeyote anayetaka kuandika historia ya ukoo mkubwa, wa Italia au wa kwao, nasaha yangu ni aanze na karatasi hizo kabla ya kuanza na sifa za waasisi.